Masta ya siasa na sera ya mazingira ya dunia: Nairobi, Washington au Ulaya?

Dirisha la maombi likishafunguka, kati ya Septemba na Januari, maswali ninayoletewa hufanana. Anayeuliza ana shahada ya kwanza ya sheria, jiografia, misitu au uhusiano wa kimataifa. Ameshafanya kazi halmashauri, wizarani au kwenye shirika lisilo la kiserikali. Sasa anataka masta ya siasa na sera ya mazingira ya kimataifa, na muda alionao unatosha kuandaa maombi mawili au matatu tu. Aelekee wapi?

Hapa nalinganisha njia tatu: kubaki Afrika Mashariki, Nairobi ikiwa mfano, kwenda Marekani, mfano Washington, na kwenda Ulaya, hasa kwenye programu zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa ubia. Kabla ya yote niseme nimesimama wapi. Kwenye vikao vya mikataba ya mazingira, nchi kubwa huleta mjumbe kwa kila ajenda na mwanasheria wa kukaa nyuma yake. Nchi zetu nyingi huleta watu wachache wanaohangaika kutoka chumba hiki kwenda kile, maana vikundi vya majadiliano hukaa saa zilezile. Tunahitaji watu wengi zaidi walioiva kwenye fani hii. Kwa hiyo jambo ninaloliangalia kwanza ni kama masomo yatakuandaa kukaa kwenye chumba kimojawapo na kusikilizwa, tena bila deni litakalokulazimisha kuiacha kazi hiyo na kutafuta mshahara kwingine.

Fani yenyewe

Chukua suala la pembe za ndovu. Mwaka 1989, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Lausanne, Uswisi, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza tembo wa Afrika aingizwe kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya pembe zake ipigwe marufuku. Julai mwaka huohuo Kenya ilichoma hadharani takriban tani 12 za pembe. Pendekezo lilipita. Kisha mwaka 2010, huko Doha, Tanzania ilirudi ikiomba ruhusa ya kuuza akiba ya pembe ilizokuwa nazo ghalani. Kenya ilikuwa mstari wa mbele wa waliopinga, na ombi likaanguka. Tembo ni walewale, wanaovuka mpaka kati ya Amboseli na upande wa magharibi wa Kilimanjaro.

Mwanafunzi wa siasa atauliza kwa nini majirani wawili walisimama pande tofauti na nani aliwaunga mkono. Wa sera atauliza kama marufuku ilipunguza ujangili, na gharama ilimwangukia nani. Wa sheria atataka kujua Kiambatisho hubadilishwaje, na atakuta inahitajika theluthi mbili ya kura. Programu nzuri hugusa yote matatu, lakini kila moja ina upande inaouegemea, na upande huo ndio utakaoandikwa kwenye wasifu wako unapoomba kazi.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale matano: kinachofundishwa, ukaribu na vikao pamoja na taasisi, fedha, muda na tasnifu, kisha viza na ajira. Nafasi ya chuo kwenye orodha za ubora wa dunia nimeiacha makusudi. Orodha hizo hupima chuo kizima, tafiti za tiba na uhandisi zikiwemo, na hazikuambii lolote kuhusu mtu atakayesoma sura za tasnifu yako na kukurudishia kwa wakati.

Njia ya kwanza: Nairobi na vyuo vya kanda

Kinachofundishwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Wangari Maathai ya Amani na Mazingira, yenye makao yake Kabete, iliyopewa jina la mwanamama aliyefundisha chuoni hapo na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Kwa upande wa sheria na sera kuna kituo kinachojulikana kama CASELAP. Chuo kilibadilisha muundo wake mwaka 2021, hivyo kabla ya kuomba uliza kozi unayoitaka iko chini ya idara gani sasa. Nje ya Nairobi, ziangalie pia Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali (IRA) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro, na Makerere.

Mwelekeo wa vyuo hivi ni sheria, usimamizi wa maliasili na utawala wa ngazi ya nchi na jamii. Mifano ni ya kwetu. Kesi ya barabara ya Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2010 na shirika la Nairobi la kutetea wanyama dhidi ya Tanzania na kuamuliwa na Mahakama ya Afrika Mashariki Juni 2014, hapa ni kesi ya kusomwa kwa kina, maana inagusa sheria ya jumuiya yetu wenyewe. Kwingineko huenda ikaishia kwenye tanbihi. Udhaifu ni kwamba nadharia ya siasa za kimataifa mara nyingi hukaa kwenye idara za diplomasia, mbali na wanamazingira, na itakubidi uombe ruhusa ya kuchukua somo moja au mawili huko.

Ukaribu na vikao. Hapa Nairobi ina kitu ambacho miji mingi mikubwa haina. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lililoanzishwa mwaka 1972 baada ya mkutano wa mazingira wa Stockholm, lina makao makuu Gigiri. Sekretarieti ya Ozoni, inayohudumia Itifaki ya Montreal ya 1987 ya kulinda tabaka la ozoni, iko palepale. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa hukutana hapo kwa kawaida kila miaka miwili, na ndilo lililopitisha, Machi 2022, azimio la kuanzisha majadiliano ya mkataba wa plastiki. Kikao cha tatu cha majadiliano hayo kilifanyika hapohapo Novemba 2023. Mwanafunzi hawezi kuingia kwa kujipeleka tu, lakini UNEP huidhinisha asasi za kiraia na ina kundi rasmi la watoto na vijana. Ukijiunga mapema na asasi iliyoidhinishwa, unaweza kuomba nafasi kupitia kwao.

Ukiingia, utaona kitu ambacho kitabu hakikionyeshi vizuri. Rasimu ya mkataba hutupwa kwenye skrini ikiwa imejaa mabano ya mraba, na kila bano ni maneno ambayo nchi fulani haijayakubali. Mjumbe mmoja anaomba kitenzi kiwekwe ndani ya mabano, mwingine anaomba mabano yazunguke aya nzima, na mwenyekiti anaandika yote bila kubishana. Rasimu ya plastiki iliyotoka Ottawa Aprili 2024 ilikuwa na maelfu ya mabano. Busan mwishoni mwa mwaka huo, kisha Geneva Agosti 2025, vikao vilivunjika bila makubaliano. Kukaa nyuma ya ukumbi saa tano ukifuatilia nani anaweka mabano wapi ni elimu tosha, na kwa mwanafunzi wa Nairobi gharama yake ni nauli ya matatu.

Fedha. Ada ya masta nzima kwenye vyuo vya umma vya kanda kwa kawaida huhesabiwa kwa dola elfu chache. Uliza kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni, kwa sababu tofauti inaweza kuwa kubwa. Ufadhili kamili ni haba na wengi hujilipia. Usiusahau mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wa kusomesha watu ndani ya kanda; watu wengi hudhani shirika hilo hupeleka wanafunzi Ujerumani tu. Faida nyingine kubwa ni kwamba unaweza kubaki na kazi yako, au sehemu yake.

Muda na tasnifu. Kwenye karatasi ni miaka miwili. Ukweli unaojulikana kwenye vyuo vingi vya kwetu ni kwamba masomo ya darasani huisha kwa wakati, halafu tasnifu hukwama kwa msimamizi. Usikubali nafasi kabla ya kuzungumza na wanafunzi wawili waliosimamiwa na mtu unayemtaka, ukawauliza wao walimaliza lini.

Lakini kwa utafiti wenyewe, hakuna njia inayoshinda hii. Nenda Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda mikoko na kuuza hewa ukaa tangu muongo uliopita, na fedha zake kuingia kwenye maji na shule za kijiji. Nenda Chongoleani, Tanga, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 linaloanzia Hoima. Unaketi barazani na wazee, unasalimia inavyopasa, unaelewa pale mtu anaposema ndiyo kwa heshima huku moyo wake ukikataa. Mtafiti aliyetoka mbali hulipa mkalimani na bado hilo humpita. Hii ni nguvu ya kitaaluma, na wasomi wetu wengi wanaichukulia kama jambo dogo.

Viza na ajira. Raia wa jumuiya huingia Kenya bila viza, ingawa kibali cha mwanafunzi unakihitaji. Mafunzo kazini UNEP hayana posho, kwa hiyo mwenye ndugu Nairobi wa kumpokea ana nafuu ambayo mgeni hana. Kwa kazi za serikali, kaunti na mashirika ya kanda, shahada ya hapa inaeleweka mara moja. Kwa nafasi za kimataifa utashindana na watu wenye mitandao mipana zaidi.

Inamfaa mwenye kazi asiyotaka kuipoteza, mwanasheria anayelenga mahakama na wizara, na yeyote ambaye swali lake la utafiti liko kijijini, baharini au msituni kwetu.

Njia ya pili: Washington na vyuo vya Marekani

Kinachofundishwa. American University mjini Washington, kupitia skuli yake ya huduma za kimataifa iliyoanza mwaka 1957, ni miongoni mwa mahali ambapo siasa za mazingira ya dunia zimefundishwa kama fani kamili ndani ya uhusiano wa kimataifa. Wasomi kama Paul Wapner, Ken Conca na Simon Nicholson wamefanya kazi hapo, na imekuwa na mpango wa pamoja na Chuo Kikuu cha Amani cha Costa Rica, kilichoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1980, ambapo mwanafunzi husoma nchi mbili na kupata shahada mbili. Yale ina skuli ya mazingira iliyoanza kama skuli ya misitu mwaka 1900, na Duke ina masta ya usimamizi wa mazingira ya miaka miwili.

Mtindo wa huko ni kusoma kwingi na kuandika kwa ufupi. Kila wiki unapewa kurasa mia kadhaa, halafu unaambiwa uandike kurasa mbili kama vile unamshauri waziri mwenye dakika tano. Uchumi, takwimu na fedha za mazingira hupewa uzito. Anayetoka kwenye mfumo wa kukariri ataumia muhula wa kwanza, kisha atashukuru. Upungufu ni kwamba mifano mingi huanzia kwenye siasa za ndani za Marekani, na Afrika inaweza kuonekana kama mahali pa kupokea miradi. Tafuta kwenye mihtasari ya masomo: kuna Mwafrika yeyote kati ya wanaosomwa?

Ukaribu na vikao. Washington haina sekretarieti za mikataba mikubwa, japo CITES ilitiwa saini hapo Machi 1973. Ina fedha. Benki ya Dunia ipo, na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, ulioanzishwa kuelekea mkutano wa Rio wa 1992, uko hapo pia. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini mradi wa Bonde la Rufiji unapata fedha na mwingine unakosa, atajifunza zaidi kwenye mji huu kuliko Geneva. Taasisi za utafiti kama World Resources Institute zina ofisi huko na hualika umma kwenye mijadala.

Hata hivyo hali imebadilika sana. Januari 2025 Rais Trump alisaini agizo la kuitoa Marekani kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi, na Julai mwaka huohuo USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa mwajiri na mfadhili mkubwa wa miradi ya mazingira, lilifungwa rasmi. Kwa mwanafunzi wa siasa hili ni somo hai. Kwa anayehesabu ajira, mlango mkubwa umefungwa.

Fedha. Hapa ndipo wengi huumia. Kwenye chuo binafsi cha Washington ada ya masta inaweza kuzidi dola 60,000, kabla hujalipa kodi ya nyumba na bima ya afya. Punguzo la ada la asilimia 30 au 40 linasikika kubwa kwenye barua ya kukubaliwa, ila kinachobaki bado ni mamilioni mengi ya shilingi. Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, hulipa ada na kujikimu, na ndiyo njia ninayoweza kuishauri kwa moyo mweupe. Vyuo hutoa kazi za usaidizi wa kufundisha zenye msamaha wa ada, lakini nyingi huenda kwa wanafunzi wa uzamivu. Kama unajijua kwamba lengo lako ni uzamivu, omba uzamivu moja kwa moja. Marekani hilo linawezekana kwenye vyuo vingi bila masta, na huja na fedha.

Muda na tasnifu. Miaka miwili, na watu humaliza kwa wakati. Programu nyingi za sera hukuruhusu kumaliza kwa kazi ya kikundi kwa mteja halisi badala ya tasnifu. Hilo ni zuri kwa anayeenda kazini. Anayefikiria uzamivu baadaye achague kuandika tasnifu hata kama si lazima.

Viza na ajira. Viza ya F-1 inataka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza, na inaruhusu kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Baada ya kuhitimu unapata miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako. Kozi zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia huongezewa miezi 24, na kozi za siasa kwa kawaida hazimo. Anayekwenda kwa Fulbright hutumia viza ya J-1, yenye sharti la kurudi nyumbani miaka miwili. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo kwenye viza za wanafunzi, na orodha hiyo imerefushwa baadaye. Angalia nchi yako iko wapi kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Inamfaa mwenye Fulbright au ufadhili kamili, anayetaka fedha za tabianchi au kazi za benki za maendeleo, na anayejiandaa kwa usomi wa muda mrefu.

Njia ya tatu: Ulaya

Kinachofundishwa. Mfano ninaoupenda ni MESPOM, masta ya sayansi, sera na usimamizi wa mazingira inayoendeshwa kwa ubia na Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, Lund cha Sweden, Manchester cha Uingereza na Chuo Kikuu cha Aegean cha Ugiriki. Chuo cha kwanza kati ya hivyo kilihamishia masomo yake Vienna kutoka Budapest baada ya mvutano na serikali ya Hungaria. Mpangilio uliozoeleka ni kuanza huko, kwenda kisiwa cha Lesvos kwa muhula mmoja, kisha mwaka wa pili Lund au Manchester. Lund pia ina LUMES, masta ya sayansi ya uendelevu iliyoanza mwaka 1997. Freiburg, Ujerumani, ina masta ya utawala wa mazingira inayofundishwa kwa Kiingereza, na Taasisi ya Uzamili ya Geneva hufundisha kwa Kiingereza na Kifaransa.

Ulaya huchanganya sayansi na sera kuliko Washington. Usishangae kukuta somo la ubora wa hewa au nishati karibu na somo la mikataba. Kwa aliyesomea sheria au siasa pekee hii ni nafasi ya kujazia pengo. Kwa aliyetoka misitu au uhandisi ni daraja la kuingilia kwenye sera. Tatizo ni kwamba programu zinazohamahama hukupa upana zaidi ya kina, na sheria za Umoja wa Ulaya huchukua nafasi kubwa ya muda wako.

Ukaribu na vikao. Bonn kuna sekretarieti ya mkataba wa tabianchi na ya mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa. Kila Juni wajumbe hukutana hapo kuandaa mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka, na kwa anayejifunza, Bonn ni bora kuliko mkutano mkuu wenyewe: watu ni wachache, kamera ni chache, na kazi halisi ya maneno inafanyika. Geneva kuna sekretarieti za CITES na za mikataba ya Basel, Rotterdam na Stockholm, inayohusu kemikali na taka hatari. Mwenye kibali cha ukaazi cha Austria husafiri kwenda Ujerumani na Uswisi bila viza nyingine, kwa ziara fupi. Vyuo vingi vina hadhi ya uangalizi na hugawa kadi chache za kuingilia, kwa hiyo ulizia kadi hizo wiki ya kwanza ya masomo.

Kwenye korido za Bonn utakutana na Kundi la Wajumbe wa Afrika, ambalo mwaka 2025 liliongozwa na Mtanzania, Dkt. Richard Muyungi, baada ya Kenya kuliongoza mwaka uliotangulia. Jitambulishe na utaje unachoandikia tasnifu. Kundi lenye watu wachache na ajenda nyingi lina sababu ya kumthamini kijana anayeweza kufupisha rasimu ya kurasa 40 usiku mmoja.

Fedha. Hii ndiyo nguvu kubwa ya Ulaya. Ufadhili wa Erasmus Mundus, unaotolewa na Umoja wa Ulaya, hulipa ada yote na euro 1,400 kwa mwezi kwa muda hadi miezi 24, na kwa ujumla haudai miaka ya kazi. Hakikisha tu kwamba programu unayoitaka bado ina ufadhili huo kwa mwaka wako wa kuingia. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg, ambako Freiburg iko, hutoza wageni euro 1,500 kwa muhula. Bila ufadhili utatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwenye akaunti maalumu inayofungwa, nawe unaruhusiwa kutoa kidogo kidogo kila mwezi. DAAD ina mpango wa kozi za maendeleo, unaotaka uzoefu wa miaka miwili na shahada isiyopitisha miaka sita, tena kwa kozi zilizo kwenye orodha yao tu. Uingereza kuna Chevening, ufadhili wa serikali yake, kwa wenye uzoefu wa miaka miwili na wanaokubali kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Muda na tasnifu. Ulaya bara ni miaka miwili. Uingereza ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja ni nafuu kwa mfuko na mgumu kwa akili: unaanza Septemba, na ifikapo Januari unatakiwa uwe na wazo la tasnifu. Kwa mtu mwenye swali lake tayari ni sawa. Anayetaka kulitafuta swali akiwa masomoni atapungukiwa na muda.

Viza na ajira. Programu ya kuhamahama ina maana ya maombi zaidi ya moja ya viza, na Uingereza haimo kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ujerumani hukupa miezi 18 ya kutafuta kazi baada ya kuhitimu. Uingereza imekuwa ikitoa miaka miwili, itakayopungua kuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Kazi nyingi za serikali za mitaa na kampuni zitataka lugha ya nchi husika. Mashirika ya kimataifa ndiyo yanayoajiri kwa Kiingereza, na ushindani wake ni mkali.

Inamfaa mwenye matokeo mazuri asiye na fedha, asiye na majukumu ya kulea kwa sasa, na anayelenga sekretarieti za mikataba.

Uchague vipi kwa hali yako

Una kazi serikalini na mwajiri atakupa ruhusa bila kukulipia. Baki kwenye kanda, au usome kwa masafa kwenye chuo cha Uingereza kupitia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa masomo ya masafa, uliobuniwa kwa watu wasioweza kuondoka. Ukitoka nje, kumbuka shahada ya kigeni hupelekwa kwenye tume ya vyuo vikuu, TCU kwa Tanzania au CUE kwa Kenya, ili itambuliwe. Hakiki mapema, hasa kwa shahada za pamoja.

Una watoto wadogo. Uingereza, tangu Januari 2024, kwa kawaida haiwaruhusu wanafunzi wa masta ya kufundishwa, yaani isiyo ya utafiti, kuja na familia. Programu ya nchi tatu ndani ya miaka miwili itakuchosha wewe na watoto. Nairobi au Dar ina maana zaidi, na kama ni nje, tafuta kozi ya bara Ulaya inayokaa mji mmoja.

Umepokelewa Marekani kwa punguzo la nusu ada na ndugu wako tayari kuuza kiwanja. Nawaomba msikiuze. Omba chuo kikuahirishie mwaka mmoja, tuma maombi ya Fulbright na Erasmus Mundus mwaka huo, na uandike kitu kimoja kinachosomeka kuhusu kazi unayoifanya sasa.

Unatoka Goma, Bukavu au Bujumbura na Kifaransa chako ni imara kuliko Kiingereza. Usijione umechelewa. Mjadala wa misitu ya Bonde la Kongo unahitaji watu wanaosoma nyaraka za Kinshasa kwa lugha yake na kuzungumza na wanakijiji kwa Kiswahili. Geneva inakufaa kuliko Washington, na Nairobi itakupa Kiingereza cha kazi kwa gharama unayoimudu.

Wewe ni mwanasheria unayetaka kufungua kesi kama ile ya Serengeti. Soma Afrika Mashariki, kisha utafute kozi fupi nje. Majaji utakaosimama mbele yao wako hapa.

Unataka kufundisha chuo kikuu. Angalia msimamizi kwanza na nchi baadaye. Soma makala zake mbili, mwandikie ujumbe wa aya tatu unaosema umesoma nini na unataka kuuliza nini, na usubiri wiki mbili kabla ya kumkumbusha.

Na kama una barua mbili za kukubaliwa na siku chache za kujibu, waandikie waratibu wote wawili leo. Waombe wakuunganishe na mhitimu mmoja kutoka Afrika Mashariki, halafu umuulize mhitimu huyo mambo matatu: alimaliza kwa muda gani, alibaki na deni kiasi gani, na kazi yake ya kwanza aliipata kupitia nani.